Apolonia Chengula, Mara Tano

Jumatatu asubuhi Sabina Mwasenga aliingia ofisi ya Umoja wa Wapanda Miti wa Ihomelo akiwa na kompyuta mgongoni na chapati mbili kwenye karatasi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma, kando ya barabara ya malori yanayoteremka Mafinga, na kama kila kitu Ihomelo, ilinukia utomvu wa paina. Nje, upenuni, kulikuwa na benchi refu la wageni. Sabina alifuta unga wa mbao mezani, akachomeka waya, akala chapati moja huku kompyuta ikiamka.

Alikuwa ametoka Uyole kwa kazi ya muda. Wanakijiji wa Ihomelo walikuwa na msitu wa pamoja ambao waliupanda zamani, kila mtu mstari wake, kuanzia barabarani hadi bondeni. Kwenye mti wa kwanza wa kila mstari mwenyewe alipigilia kibao chenye jina lake. Sasa miti ilikuwa imekomaa na mnunuzi alikuwa amepatikana. Wiki nzima Sabina alikuwa amepita msituni akinakili vibao, jina moja baada ya jingine, kama yalivyoandikwa na kwa mpangilio ule ule wa mistari, mpaka yote yakakaa ndani ya kompyuta yakiwa safu moja ndefu. Kilichobaki kilikuwa kuandika skripti, yaani maagizo mafupi ya kuifanya kompyuta ipite safu hiyo na kusema jina gani limeonekana mara ngapi.

Jina lililowasumbua viongozi lilikuwa moja. Katibu wa Umoja, Didas, alikuwa amejaribu kulihesabu kwa macho, akapata tisa, akarudia, akapata saba. Mwenyekiti, mzee Anania, hakupenda hata moja ya hesabu hizo. Katiba ya Umoja ilisema jina moja, mstari mmoja. Iliandikwa hivyo kwa nia njema, ili mwenye nguvu asije akatundika vibao msitu mzima, na mstari wowote uliozidi ulirudi kwa Umoja.

"Huyu Apolonia atatumeza," mzee Anania alikuwa amesema. "Binti, iulize kompyuta. Yenyewe haina shemeji hapa kijijini."

Sabina alianza na njia ya haraka. Aliandika "Apolonia", akaiagiza kompyuta imletee kila jina lenye neno hilo ndani yake. Kompyuta ikajibu tisa. Wakati huo huo benchi la nje likalia kama linavyolia watu wakikaa kwa pamoja.

Alitoka. Kwenye benchi walikuwa wanawake tisa, kuanzia kichwani hadi kiunoni. Zaidi ya hapo hawakuwapo. Walikuwa wamewekwa vizuri, wameegemea ukuta, na yule wa mwisho alikuwa ameshika mwiko wa kugeuzia maandazi.

"Ni wewe uliyetuita?" aliuliza mwenye mwiko. Alikuwa Apolonia Mgaya, muuza maandazi wa pale njia panda.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa miguu yangu iko jikoni na mafuta yako motoni. Mwanangu, ukituita, tuite tukamilike."

"Samahani, mama. Nimetafuta kwa jina la kwanza peke yake."

"Ndiyo maana tumefika mpaka kiunoni," alisema mwingine, na wenzake wakaafiki.

Sabina alirudi ndani kwa haya. Kosa lilikuwa lake na alilijua. Chuoni walifundishwa kwamba kutafuta neno lililomo ndani ya neno ni kitu kimoja, na kulinganisha neno zima na neno zima ni kitu kingine, na yeye alikuwa amevutiwa sana na hicho cha pili. Kulinganisha neno zima hakukisii. Hakusemi huyu kama anafanana na yule, kwa hiyo wacha tu apite. Kunashika herufi ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, hadi mwisho, na kikizidi kitu au kikipungua kunasema hapana. Aliiona njia hiyo kama namna ya adabu. Akafuta maagizo yake, akaandika upya, safari hii jina kamili, Apolonia Chengula, na sharti kwamba kila jina lililomo kwenye safu lilingane nalo lote kwa lote. Halafu akaongeza mstari wa kuhesabu.

Kompyuta ikajibu tano.

Nje, mama Mgaya alikuwa ameshaenda kwenye maandazi yake, na wengine watatu wa ukoo tofauti walikuwa wameondoka. Waliobaki walikuwa watano, wazima, miguu yao imepangana chini ya benchi. Wanne walikuwa wa umri wa miaka thelathini hivi. Mmoja alikuwa na futi ya kushonea shingoni, mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mmoja alishika jembe, na wa nne, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Jofrey, alikuwa na udongo wa kujengea hadi kwenye viwiko. Wa tano alikuwa bibi kizee. Alivaa kitenge cha kijani ambacho wakwe zake walimvika siku ya kumzika, na pindo lake lilikuwa na udongo mbichi, ingawa kilikuwa kiangazi.

"Nani ameniita kwa jina langu lote?" aliuliza bibi. "Mara ya mwisho nililisikia kanisani, na siku hiyo sikuweza kuitika."

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Una sauti ya Mbeya."

"Natoka Uyole, bibi."

"Viazi vizuri," alisema bibi, akageukia wajukuu zake.

Maana hao wanne walikuwa wajukuu zake. Bibi Apolonia alizaa wana wanne wa kiume, na kwa desturi ya huko kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yake. Watoto hao hawakuitwa tu jina hilo, walilibeba pamoja na heshima yake. Baba aliyerudi shambani alimwamkia binti yake mchanga na kumwita mama, na akimchapa alimwomba radhi kwanza. Wao kwa wao waliitana bibi mpaka leo. Mwaka kijiji kilipogawa miche, bibi alichukua mstari wake, na wale wasichana wanne kila mmoja akachukua wake. Fundi akachonga vibao vitano vyenye jina moja, kwa sababu ndivyo walivyoitwa.

"Kamwene, bibi," Mama Jofrey alimwamkia kwa Kihehe.

"Kamwene. Mbona umekonda hivyo? Mume hakulishi?"

"Mume yuko Mgololo, bibi, kiwandani. Mimi najenga."

"Kula, mwanangu. Huku nilipo hawapiki."

Mama Jofrey alikuwa amepandisha kuta za vyumba vitatu mpaka mwisho. Yeye na watoto wake walikuwa wakilala katika ghala la mahindi la shemeji yake, na shemeji alikuwa ameshasema kwamba mavuno yajayo yatahitaji nafasi. Mvua za Novemba zikikuta kuta zile hazina paa, zingerudi kuwa udongo. Mstari wake wa paina ungetoa mbao za kenchi na papi za paa la nyumba nzima, na zilizobaki zingeuzwa kununua bati. Hesabu yote ya nyumba ile ilikuwa imesimama kwenye miti hiyo. Alimweleza Sabina hayo yote akiwa amekaa benchini, bila kulalamika, huku akibandua udongo mkononi kwa ukucha.

Mwenyekiti alifika kwa pikipiki pamoja na Didas. Alivua kofia alipomwona bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Anania. Bado unakohoa?"

"Nakohoa kidogo. Wa huko hawajambo?"

"Hawajambo. Mkeo anasema yule ng'ombe mweupe usimuuze."

"Nimeshamuuza."

"Nitamwambia."

Didas aliagiza chai. Walipokwisha kumiminiwa, Sabina aliigeuza kompyuta kuelekea benchini ili kila mtu aone, akaeleza polepole, kwa sababu aliamini kwamba jambo likielezwa vizuri haki yake huonekana yenyewe.

"Mwenyekiti, hakuna tisa wala saba. Jina Apolonia Chengula, likilinganishwa herufi kwa herufi, liko mara tano. Na mistari ni mitano. Na watu wenyewe ndio hawa, watano."

"Nawaona," alisema mzee Anania. "Wote nawafahamu. Huyu mwenye futi nilicheza kwenye harusi yake mpaka kiatu kikapasuka."

"Kwa hiyo kila mstari una mwenyewe."

"Binti, kompyuta yako haina kosa. Hata macho yangu hayana kosa. Lakini jina ni moja. Na katiba inasema jina moja, mstari mmoja."

"Jina ni moja, mzee, lakini watu ni watano."

"Katiba haijataja watu," alisema mwenyekiti, na akanywa chai yake.

Mama Jofrey aliweka kikombe chini. "Baba Anania, mche wangu ulinipa wewe kwa mkono wako. Nilikuwa darasa la sita. Kiangazi kile nilipandisha maji kutoka bondeni kwa ndoo, wenzangu wanacheza rede."

"Nakumbuka. Ulikuwa hodari kuliko wavulana."

"Na mstari wangu?"

"Mstari ni wa Umoja, mwanangu."

Alilisema kwa upole, na akamwomba Didas amwongezee chai. Didas akamwongezea, kisha akainamia kompyuta. Aliona kwamba mbele ya kila jina kulikuwa na namba ya nafasi yake, na bibi, ambaye mstari wake ulikuwa wa kwanza kabisa kutoka barabarani, alikuwa na sifuri.

"Huyu imempa sifuri," alisema.

"Kompyuta inaanza kuhesabia hapo," alisema Sabina. "Sifuri ndiye wa kwanza."

"Basi mambo yamekwisha," alisema mwenyekiti. "Wa kwanza ndiye mwenye jina. Mstari utakaobaki ni wa mama."

Bibi alicheka. "Mimi mbao zangu nilishapata, Anania. Filemoni wa majeneza alizipiga randa vizuri, sina malalamiko. Wape watoto."

"Siwezi, mama. Nikianza kutoa kwa huruma, kesho watakuja wengine."

Kisha akamwomba Sabina aongeze maagizo ya kuacha kila jina mara moja tu na kuondoa yanayojirudia. Sabina aliyajua. Yalikuwa mafupi sana, hayakujaza hata nusu ya mstari kwenye kioo, na kila mtu aliyesoma naye angeyaandika huku anapiga simu. Aliyatazama yale majina matano yaliyofanana, akaona kwamba hayakuwa marudio. Kila moja lilikuwa na mtu aliyelibebea maji kwa ndoo kutoka bondeni.

"Nayajua, mzee," alisema. "Ila siyaandiki."

"Si lazima," alisema mwenyekiti bila hasira. "Didas, kachukue nyundo."

Didas alienda msituni na nyundo ya kung'olea misumari, akang'oa vibao vinne. Hakuwa mtu mbaya. Alivifuta utomvu kwa shati lake na kumpelekea kila mwenyewe kibao chake nyumbani, na kila mmoja alimshukuru kwa kutembea umbali ule.

Siku ya kuvuna ilipofika palikuwa na tatizo dogo. Huko Ihomelo chenso, yaani msumeno wa injini, haiwashwi mpaka mwenye mstari aweke kiganja kwenye mti wake wa kwanza na kuuaga. Bila hivyo hakuna mkataji atakayekubali kushika kamba ya kuwashia. Mwenye mstari uliobaki alikuwa bibi, na bibi aliweza kufika pale tu skripti ya Sabina ilipokuwa inaendeshwa. Kwa hiyo Sabina alibeba kompyuta hadi msituni, akakaa juu ya kisiki, akaifungua. Chaji ilikuwa nusu.

Mistari ile minne ilikatwa kwanza. Mwenyekiti mwenyewe, kwa niaba ya Umoja, aliweka kiganja kwenye mti wa kwanza wa kila mstari, pale pale kwenye matundu ya misumari, na akaaga kwa maneno machache. Chenso ziliwaka kama kawaida. Miti iliangukia upande uliotakiwa. Wale wajukuu wanne walisimama barabarani wakitazama, na kila mti mrefu ulipoanguka Mama Jofrey alisema "huo, mzuri huo," kama mtu anayesifia mtoto wa jirani.

Halafu Sabina akaiendesha skripti, na bibi akawa pale, kati ya wajukuu zake. Hakufanya haraka. Aliweka kiganja kwenye mti, akaegemeza na paji la uso, akazungumza kwa Kihehe kwa muda mrefu. Mkataji alisubiri. Alikuwa amevua kofia.

"Unauambia nini, bibi?" aliuliza Sabina.

"Nauambia usiogope kelele. Na wewe, mti wako uko wapi?"

Sabina aliandika jina lake mwenyewe na kulitafuta kwenye safu. Kompyuta ikajibu sifuri, na safari hii ilikuwa sifuri ya kutokuwapo kabisa. Hakuja mtu.

"Hujapanda," alisema bibi, bila kumlaumu. "Bado una muda. Mimi nilianza nikiwa na wajukuu. Na wewe, Mama Jofrey, nimekwambia ule, ukiamka tu asubuhi kabla ya kushika udongo weka kitu—"

Hapo chaji ikaisha. Mama Jofrey aliitikia "nimesikia, bibi," kwa heshima, kisha mkataji akavaa kofia yake.

Jioni ile wanawake wanne walikaa juu ya magogo ya mstari wa bibi, ambayo sasa yalikuwa urithi wao, na kuzungumza. Kwa kila mmoja, robo ya mbao zile ingetosha kitanda na meza.

"Mimi kitanda ninacho," alisema mwenye futi.

"Na mimi kuta sina, nitapaua nini? Nguo?" alisema mwenye jembe.

Yule mwenye mtoto alisema, "Basi tunaanza na huyu bibi mwenye kuta. Sisi tutakuja kulala kwake mvua ikituchosha."

"Mtajazana," alisema Mama Jofrey.

"Tumezoea. Jina lenyewe tumejazana."

Walicheka mpaka mlinzi wa msitu akaja kuuliza kuna nini. Sabina, aliyekuwa anazungusha waya wa kompyuta mkononi, aliwatazama na kufikiri kwamba hajawahi kukaa karibu na watu wakubwa namna ile.

Mbao zilitosha vyumba viwili. Bati zilipatikana za kuazima, nyingine zina matundu ya zamani. Chumba cha tatu kilibaki wazi, na mvua za Novemba zilipoanza ziliingia humo kila alasiri, ukuta wake wa nyuma ukalainika na kulala chini taratibu. Watoto walihama kutoka ghalani. Umoja ulipata bei nzuri kwa mistari yake, ukapaka rangi ofisi, na mwenyekiti akampa Sabina barua ya kumsifu kwa hesabu isiyo na kosa.

Alirudi nyumbani Uyole kwenye mvua hizo hizo. Siku moja, akienda sokoni, alipita kwa wauza mbao kando ya barabara kuu, akasimama. Mbele ya kibanda cha muuzaji mmoja aliyeitwa Yotamu kulikuwa na rundo jipya la paina, na kwenye kila ubao, katikati, nyuzi za mti zilikuwa zimejikunja zenyewe na kuandika Apolonia Chengula.

"Zimetoka Mafinga," alisema Yotamu. "Hilo jina usilihofu, dada. Randa hailitoi, nimejaribu, ukilikwangua linajitokeza chini yake. Kuna mteja amepaulia nyumba nzima, anasema akilala chali anasoma mpaka usingizi unamchukua. Lakini ubao haupungui nguvu."

Sabina aliweka mfuko wake chini. Alipita ubao kwa ubao, herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kama alivyoizoeza kompyuta yake. Hakuna lililozidi wala lililopungua. Nyuzi za mbao zilikuwa zimebana, rangi yake kama asali, na hakuna iliyopinda. Alifikiri juu ya msichana wa darasa la sita na ndoo yake. Halafu akampigia simu Mama Jofrey.

"Dada, nimewaona."

"Wote wanne?" Nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa inagonga bati.

"Wote. Wamechanganywa, lakini wapo."

"Wamenyooka?"

"Wamenyooka, dada. Hawana hata kifundo."

"Basi, mdogo wangu, wasalimie."

Sabina akarudisha simu mfukoni, akaligeukia rundo la mbao, akasema, "Kamwene." Yotamu, ambaye alikuwa mtu wa Njombe, aliitikia "kamwene" kwa niaba yao, kisha akamuuliza anachukua mbao ngapi.